Wagonjwa Wangu Walioishia Kwenye Sufuria

Vijana wa maabara, mmenisumbua mwezi mzima niandike, mkaniletea hadi daftari lenye maua kwenye jalada kana kwamba naolewa. Haya, nimekaa, naandika. Anayetaka habari za vyeo na mishahara amuulize mwingine, mimi sikumbuki hata karatasi hizo niliziweka wapi. Nitawasimulia kuku, sungura na minyoo yao. Hao ndio niliokula nao chumvi, na wengine, Mungu anisamehe, niliwala wenyewe.

Mimi nilikulia Kitale. Wazazi wangu walikimbilia Kenya wakati wa vita vya kwanza vya Sudan, nikasomea huko afya ya mifugo, nikachoma sindano ng'ombe wa watu hadi nywele zikaanza mvi. Ile amani ya CPA, mkataba uliomaliza vita vya Kaskazini na Kusini, ilipotiwa saini nikarudi Juba na sanduku moja na Kiswahili cha Kitale ambacho nusu ya mji haikukielewa. Nilijua nitapewa ng'ombe, kwa sababu nani asiyejua mapenzi ya nchi hii na ng'ombe? Kumbe ng'ombe walikuwa na mabwana wao tayari, wanaume warefu wenye mabuti marefu zaidi. Mimi nikaonyeshwa meza kona ya chumba, juu yake ukutani mtu ameandika kwa chaki: KUKU NA VINGINEVYO. Nilikaa pale miaka yote ya CPA, na chaki ile hakuna aliyeifuta.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Wani, msaidizi wa mifugo aliyebaki Juba wakati wote wa vita na kutibu chochote kilichopumua. Alikuwa mwembamba, hana haraka, na baiskeli yake ilikuwa na kengele lakini haina breki. Siku ya kwanza alitazama mkoba wangu wa vifaa vya Nairobi, akacheka kwa pua, akanikabidhi vitu vitatu: mfuko wa chumvi, chujio la chai, na hadubini yenye kioo cha kumulikia kwa jua. Umeme ulikuwa hadithi. Kukiwa na wingu tulifunga hadubini tukazungumza, na minyoo ya Juba nayo ikapata mapumziko.

Chumvi ilikuwa ya nini, ninyi mnaonunua dawa za maabara kwenye chupa mnaweza kuuliza. Unaikoroga kwenye maji ya moto mpaka ikatae kuyeyuka, ukishaona imebaki chini, maji yako yako tayari. Unavuruga kinyesi cha kuku humo, unachuja, unangoja, na mayai ya minyoo yanaelea juu yenyewe. Unayadaka kwa kioo chembamba. Kinyesi kiwe cha alfajiri, kisiwe kile cha jana kilichokauka ambacho mwenye kuku amekiokota kwa aibu baada ya kukumbushwa mara tatu.

Machujio yalikuwa mawili, la kazi na la chai, na la kazi lilifungwa uzi mwekundu kwenye mpini. Uzi ule siku moja ulimfaa mama wa usafi kushonea kifungo. Machujio yakachanganyika, na tuligundua baada ya wiki. Hakuna aliyeugua, lakini mimi chai ya ofisini sijainywa tena, na mkinuniwa na mtu kwa kukataa chai yake mwambieni ni mimi, Keji, niliyewafundisha.

Kitu kikubwa nilichopata kwa Mzee Wani kilikuwa mikono. Alinifumbisha macho, akanipa kuku mmoja baada ya mwingine nipapase kidari. Kuku mzima mfupa wake umezama kwenye nyama. Kuku wa minyoo mfupa unakukata kiganja hata kama manyoya yanamdanganya mtazamaji. Nilikosea mara nyingi, na kila nikikosea aliniambia kwa Kiarabu cha Juba nianze upya. Baada ya mwezi niliweza kujua kuku mgonjwa gizani, ujuzi ambao haujanisaidia popote pengine maishani.

Kesi yangu ya kwanza ya kujivunia ilikuwa ya sungura, na sikuwa na sababu ya kujivunia. Denis, kijana aliyerudi kutoka Nairobi na kupata kazi ya ofisi, alifuga sungura kumi na mmoja mtaa wa Hai Malakal akiamini atatajirika. Alikuja mbio kuniambia wamerukwa na akili.

"Daktari, hawa wasee wanakula mavi yao," akasema. "Nimewashika na macho yangu, saa kumi na moja asubuhi."

Nilimwambia ndivyo walivyoumbwa. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili, na kile laini cha alfajiri hukila tena ili apate nguvu iliyobaki ndani. Denis alinitazama kama mtu aliyeuziwa simu mbovu. Alikubali kwa mdomo, akaenda zake. Wiki ya pili akarudi na sanduku la sungura waliokonda, kila mmoja amevaa nepi. Nepi zenyewe zilishonwa vizuri, na tundu la mkia. Alikuwa ameamua kwamba minyoo inaingilia pale pale inapotokea, na kwamba mimi ni mpole sana kwa tabia chafu.

Tulivua nepi kumi na moja. Kwenye hadubini tukakuta koksidia, vijidudu vya utumbo visivyoonekana kwa macho, na chanzo chake hakikuwa ile tabia ya alfajiri. Vijidudu vile hukaa kwenye unyevu siku mbili tatu ndipo viweze kuambukiza, na Denis alikuwa anawatupia sukuma wiki iliyolowa maji sakafuni, juu ya mkojo na samadi. Akajenga vizimba vyenye sakafu ya wavu, akaning'iniza majani yakauke, tukatia dawa kwenye maji. Tisa walipona. Mzee Wani alichukua nepi moja akaifanya kifuniko cha kiti cha baiskeli yake, akazunguka nayo mji mzima.

Basi nilijiona mtaalamu. Na mtu akishajiona mtaalamu ndipo anapokutana na Mama Driciru.

Mama Driciru alitoka Arua, Uganda. Mume wake alipofariki, ndugu wa mume walikwisha kukubaliana nani atamrithi, na mama mwenyewe hakumtaka kabisa huyo waliyemchagua. Akapanda lori la mizigo kuja Juba na kuku ishirini na wanne ndani ya matenga. Alikodi kibanda mtaa wa Malakia, mbele akauza chai, mandazi na mayai ya kuchemsha, nyuma wakakaa kuku. Mayai ndiyo yaliyolipa kodi. Aliniambia wazi siku tuliyojuana kwamba kuku wakiisha, mayai yameisha, na mayai yakiisha atarudi kwenye ile nyumba ya Arua. Wakati huo kuku walikuwa wanakonda, mayai yanapungua, na watatu walikwisha kufa.

Nilifika, nikakaribishwa kiti, nikakaa. Tulizungumza, nikapapasa vidari, nikachagua kuku mmoja aliyekonda kuliko wote, nikamfunga kitambaa cheupe mguuni. Nilimwambia mama, "Huyu nitamwangalia wiki ijayo." Nilichukua vinyesi, nikavitazama, nikaona mayai ya minyoo mviringo. Nikafurahi, nikapeleka dawa ya unga ya kutia majini.

Wiki iliyofuata nilirudi, nikakaa tena, na kabla sijasema neno sahani ikaja. Wali, mchuzi, mapaja, na firigisi juu kabisa peke yake, ishara ya heshima. Nilikula vizuri. Nikanawa, nikashukuru, nikaomba niletewe yule kuku wa kitambaa nimpapase.

Mama Driciru aliitazama sahani. Mimi nikaitazama sahani.

"Si ulichagua yeye?" akasema. "Mimi nasema, dakitari ametia alama, huyu ndiye nataka."

Nilieleza. Nilieleza sana, kwa mikono na kwa Kiswahili cha Kitale, kwamba alama ni ya mgonjwa. Akaitikia. Nikafunga vitambaa kwa kuku wawili wengine, nikamwambia kwa msisitizo asinichinjie tena kitu, sihitaji, nimeshiba mpaka Krismasi. Alicheka kwa adabu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kila mgeni mwenye malezi mema husema hivyo, na mwenyeji mwenye malezi mema hamsikilizi. Kadiri nilivyokataa kwa nguvu ndivyo alivyoniona mtu wa kwao kabisa.

Sitawachosha. Niliwahi kufunga vitambaa saba kwenye ule ua, na vyote saba nilivikuta vimefuliwa na kukunjwa vizuri karibu na sahani. Kwenye daftari la ofisi, safu ya matokeo, niliandika: ameliwa, ameliwa, ameliwa. Mkubwa wetu alinipa onyo akidhani nafanya mzaha. Minyoo iliua kuku watatu, na heshima yangu ikaua saba. Nami dawa nilizotia kwenye maji yao nilizimeza kwenye mchuzi wao, ndiyo maana labda sijawahi kuumwa tumbo tangu siku zile.

Jambo lililoniuma ni kwamba waliobaki hawakupona. Kwenye hadubini mayai ya minyoo yalikwisha, kioo safi kama kimeoshwa, lakini kidari bado kilikata kiganja. Nilirudia dawa ile ile. Sikuwa na wazo jingine, na sikupenda kumwambia mtu.

Nilimwendea Mzee Wani nikamweleza habari ya kuliwa. Hakushangaa hata kidogo.

"Mata geni," akasema. Usikae.

Akanieleza kwamba ndiyo siri ya baiskeli yake bila breki. Yeye hufika, huishika baiskeli kwa mkono mmoja kwa sababu isiposhikwa itaondoka, na kuku humpapasa kwa mkono wa pili. Mtu aliyeshika baiskeli amepita tu. Mtu aliyekaa ni mgeni, na mgeni lazima kitu kife. Miaka yote ya vita alitibu nyumba zenye kuku mmoja, na hakuna aliyepoteza kuku huyo kwa ajili yake. Niliona aibu kwa hesabu yangu ya saba.

Basi nikaenda Malakia nikasimama. Kiti kikaletwa, nikakataa. Kikasogezwa nyuma ya magoti yangu, nikasonga mbele. Tulizunguka ua wote hivyo, mama na kiti nyuma, mimi mbele, kuku wakitupisha. Mwishowe akakiweka chini.

"Wewe nakataa kiti yangu," akasema pole pole. "Sasa nyumba yangu imekuwa chafu? Ama chakula yangu ndio ilikuwa nakuumiza?"

Nikasema nimepita tu. Mzee Wani alikuwa na baiskeli ya kusingizia, mimi nilikuwa na miguu mitupu na sura ya kiburi. Alininawisha mikono akaniaga, na baada ya hapo hakuniita tena. Nilipopita mbele ya kibanda alinisalimu kama anavyosalimiwa askari wa manispaa. Vijana, hilo liliniuma kuliko onyo la mkubwa.

Miezi miwili ikapita. Denis, ambaye alikunywa chai Malakia kila asubuhi akienda kazini, akaniambia mama hana mayai tena na ameanza kuuliza wenye malori siku wanayorudi Arua. Wamebaki kuku tisa, na hao wamekuwa manyoya matupu.  Nilijua ni nyumba gani anayorudia, na nilijua kwamba dawa yangu ndiyo iliyoshindwa.

Nilikwenda mchana ule ule. Mama Driciru alikuwa anafunga vyombo kwenye gunia. Kiti kilikuwa pale pale, nikakikalia bila kukaribishwa, nikasema, "Mama, nina njaa." Sikuwa na njaa. Akaliacha gunia. Halafu uso ukamlegea, akaenda nyuma, na nikasikia kuku akilalamika. Wakabaki wanane.

Hapo ndipo nilipofanya kitendo ambacho hadi leo husimuliwa Malakia. Niliinuka nikamfuata jikoni. Mgeni haingii jikoni, na hasa haingii kabla kuku hajanyonyolewa. Zile mara saba zote mama alinisitiri, alisafisha kuku, matumbo akawatupia mbwa wa jirani, mimi nikaletewa kitu kizuri kwenye sahani. Ushahidi wote niliohitaji ulikuwa umeliwa na mbwa.

"Mama, firigisi kula wewe," nikamwambia. "Mimi naomba utumbo."

Alishika kisu hewani. "Utumbo?"

"Wote."

Nadhani aliona ugonjwa wa kuku umeniingia. Lakini mgeni ni mgeni, akanipa. Niliuweka kwenye mfuniko wa sufuria, nikamwaga maji juu yake, nikaupasua kwa wembe toka juu hadi chini, naye ameinama begani mwangu. Mwanzoni utumbo ulionekana una ute tu. Nikautikisa polepole, na ndani ya maji vikajitandaza vipande vyembamba, bapa, vyeupe, vimeng'ang'ania ukuta wa utumbo kwa vichwa, na pale viliposhika pametoka vinundu kama upele. Tegu. Wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Tegu, andikeni hili, hatagi mayai yake yakaelea vizuri kwenye chumvi yenu. Huangusha vipande vyake na kinyesi, leo vingi, kesho hakuna, na kioo chako kitakuapia kuku ni mzima. Na ile dawa ya unga niliyompa mara tatu huua minyoo mviringo, ila tegu haimsumbui hata kidogo.

"Hii yote ilikuwa nakula kuku yangu?" mama akauliza.

"Ndiyo. Na mimi nilikuwa nawapa dawa ya mdudu mwingine. Kosa ni langu, mama. Si nyumba yako, si chakula chako."

 Alichukua kijiti akageuza mmoja wa wale tegu, akamtazama kwa hasira ya mtu aliyemkuta mwizi wake. Halafu akaniuliza wanaingilia wapi, na hilo lilikuwa swali bora kuliko yote niliyojiuliza mimi. Kuku hupata tegu kwa kumeza dudu lililokwisha kula mayai ya tegu. Tukatazama ua. Kwenye kona ya banda kulikuwa na gunia la unga wa mandazi ulioharibika, umejaa vidudu vyekundu. Alikuwa akiwawekea kuku pale kwa mapenzi, kwa kuwa vidudu ni nyama, na kuku walikuwa wananyea juu yake na kula hapo hapo. Unga ule uliwanenepesha tegu.

Tulilichoma gunia. Tulikwangua sakafu ya banda, tukamwaga majivu, tukahamisha kuku upande wa jua. Dawa ya tegu sikuwa nayo ofisini, nikamwomba Denis, akaagiza kwa rafiki yake anayekuja kwa basi, ikafika imefungwa ndani ya soksi. Niliwapima wale wanane mmoja mmoja kwenye mzani wa sukari wa jirani na kuwapa kwa mdomo. Kisha nilimwapisha Mama Driciru, mkono kwenye Biblia yake ya Kilugbara, kwamba hatachinja hata mmoja mpaka nimwambie. Aliapa, ingawa alisema ni vibaya kumhusisha Mungu na mchuzi.

Kuku hawaponi kwa shukrani. Walikaa wiki mbili kama walivyokuwa. Wiki ya tatu nikapapasa kidari cha wa kwanza, mfupa ukaanza kujificha, nikampapasa tena nikiogopa nimejidanganya. Baada ya mwezi yai la kwanza likatoka, na mama akalileta ofisini limefungwa kwenye leso, akanionyesha, akaondoka nalo kwenda kuliuza. Lile gunia la vyombo akalifungua.

Nilirudi pale kiangazi kilichofuata. Kazi ya dawa ilikuwa imekwisha zamani, nilipita tu kwa kuwa ni njia yangu. Kuku walikuwa thelathini na mmoja, vifaranga sijavihesabu, na mbele ya kibanda wanaume wanne walikuwa wanamenya mayai. Nikakaa. Nikaona jogoo mmoja mkubwa anapita, nikajiandaa kukataa kwa nguvu zote na kushindwa, kama desturi.

Mama Driciru hakunyanyuka. Alikuwa anapiga unga wa mandazi.

"Sufuria iko jikoni," akasema. "Leo ni maharage. Sahani iko pale nyuma, chukua."

Nadhani sura yangu ilionyesha kitu, maana aliacha unga akanitazama.

"Mgeni ndio nachinjiwa," akasema. "Wewe uliona matumbo ya nyumba yangu na ukarudi. Sasa wewe iko mtu ya hapa. Enda, kabla Denis namaliza."

Nikaenda jikoni nikajipakulia. Nilisimama mbele ya ile sufuria nimeshika upawa, mtu mzima na cheti changu cha Kenya, nikalia. Nilikuwa sijawahi kuwa mtu wa mahali popote Juba mpaka saa ile. Halafu nikarudi nje, nikaketi chini kwenye mkeka karibu na unga wake, na nilipomaliza maharage aliniambia nioshe sahani.